Donge la mbegu, tuta la Mfipa na mbuzi wa jirani

Ukimwambia mtu wa Dar es Salaam kwamba unatoka Sumbawanga, hakuulizi habari za mahindi wala za baridi. Anakuuliza uchawi. Nimekaa chuo miaka mitatu nikijibu swali hilo hilo, na kila walipoingia wanafunzi wapya nikaanza upya. Jina la mji ndilo linalotuponza. Wengi hulifasiri hivi: kwa Kifipa sumba ni tupa, wanga ni uchawi, basi Sumbawanga ni "tupa uchawi". Yaani mgeni anaambiwa autupe kabla hajaingia, lakini Watanzania wenzetu wameamua kusoma kinyume, kwamba huku ndiko ulikojaa.

Haya, tuyaache. Leo nataka kuandika habari za kutupa kitu kingine kabisa: donge la udongo lenye mbegu ndani yake. Na kwa kuwa mimi siwezi kugusa jambo bila kuchimba historia yake (wenzangu wa chumba cha habari wananicheka sana kwa hilo), itabidi mnivumilie twende Japani, New York na Nairobi, halafu turudi Ufipa, ambako naamini jambo hili lina mizizi mirefu kuliko tunavyodhani.

Kwanza donge lenyewe. Unachukua udongo wa mfinyanzi uliochekechwa, sehemu tano. Sisi tulitumia wa kichuguu. Unaongeza mboji au samadi iliyooza vizuri, sehemu tatu, na mbegu sehemu moja. Unachanganya vikiwa vikavu, unanyunyiza maji kidogo kidogo mpaka ushikane kama ugali, unafinyanga vidonge vya ukubwa wa gololi, unavianika kivulini siku mbili. Basi. Ukiwa na watoto wa jirani kazi inakwisha upesi, maana hakuna mtoto asiyejua kuchezea matope. Donge likishakauka unalitupa pale unapotaka paote, unaondoka zako. Udongo unaikinga mbegu isiliwe na ndege na panya, isichomwe na jua, isipeperushwe. Mvua ya kweli ikinyesha, donge linalainika na mbegu inaamka ikiwa na samadi yake pembeni. Rasharasha ya siku moja haitoshi kulilainisha, na hapo ndipo penye akili yake, kwa sababu mbegu iliyo ndani haidanganyiki na wingu la Oktoba.

Ukisoma habari za madonge haya, mara nyingi utapelekwa kwa Masanobu Fukuoka wa Japani. Alizaliwa mwaka 1913 katika kisiwa cha Shikoku, akasomea magonjwa ya mimea, akaajiriwa, halafu akaiacha kazi na kurudi kijijini kulima. Alilima mpunga na nafaka za majira ya baridi bila kulitifua shamba na bila mbolea ya kiwandani. Mbegu za mpunga alizivika udongo wa mfinyanzi na kuzirusha shambani kabla zao lililotangulia halijavunwa. Kitabu chake kilichotoka mwaka 1975 kilimfanya ajulikane duniani, na mwaka 1988 akapewa Tuzo ya Ramon Magsaysay huko Ufilipino. Alifariki mwaka 2008.

New York ni hadithi nyingine kabisa. Miaka ya 1970 jiji lile lilikuwa karibu kufilisika, na viwanja vingi vya maskini vilikuwa vimegeuka jalala nyuma ya nyua za waya. Mwaka 1973 mama mmoja msanii, Liz Christy, na wenzake wakaanza kurusha mbegu zilizochanganywa na mbolea juu ya nyua hizo. Walijiita Green Guerillas, yaani wapiganaji wa msituni wa kijani. Mwaka 1974 jiji likawapangisha kiwanja kwenye kona ya mitaa ya Bowery na Houston kwa dola 1 kwa mwezi. Bustani hiyo ipo mpaka leo na inaitwa kwa jina la mama huyo. Tazama jambo hili vizuri: walianza kwa kurusha mbegu, lakini bustani ilisimama pale walipopata haki ya kuingia getini na kubaki ndani.

Nairobi wao wakaja na mkaa. Mwaka 2016 Teddy Kinyanjui na Elsen Karstad walianzisha Seedballs Kenya, wakaanza kuvika mbegu za miti vumbi la mkaa, lile linalobaki chini ya gunia na ambalo sisi tunalikung'uta na kulitupa. Madonge yao yamerushwa kwa manati na wanafunzi, yamemwagwa hata kutoka kwenye helikopta. Nawapenda Wakenya kwa jambo moja: wameichukua takataka ya kile kile kinachomaliza miti, wakaifanya koti la mbegu ya mti.

Sasa rudi Sumbawanga. Hebu fikiria vijana sita, saa nne usiku, wanatembea kando ya Mto Lwiche wakirusha vidonge vyeusi vichakani. Ukikamatwa, nani atakusikiliza ukisema ni maua? Kule New York mtu anaogopa polisi. Hapa kwetu unaogopa mtaa mzima, na huko nyuma wazee wameuawa katika nchi hii kwa tuhuma ndogo kuliko hiyo. Sikuwa tayari kuwaingiza watoto wa watu katika kesi hiyo. Kwa hiyo tulikwenda mchana, na kabla ya kwenda tulipita kwa mwenyekiti wa mtaa na ndoo yetu ya madonge.

Mzee yule alichukua donge moja akalipasua kwa kucha. Ndani akaona mbegu za marejea. Marejea anaijua, ni ile mimea ya maua ya njano ambayo Wabenediktini wa Peramiho, Ruvuma, waliieneza sana kwa wakulima ili irudishe rutuba shambani. Akatabasamu kidogo, akafuta mikono. Nilidhani atatuuliza kibali, au nani anatufadhili (swali la kawaida siku hizi). Akauliza hivi:

"Na mbuzi atawafukuza nani?"

Swali hilo limenikaa kichwani kuliko kitabu chochote nilichosoma juu ya madonge.

Sehemu tuliyokuwa tumeilenga ni kipande kirefu kati ya nyumba za mwisho na mto. Kuna rundo la taka, mashimo ya waliochimba udongo wa matofali, na nyasi zinazochomwa kila kiangazi bila mtu kujua nani kachoma. Sisi vijana tulikuwa tumezoea kukiita kipande hicho "pale pasipo na mwenyewe". Tulipofika tukamkuta bibi mmoja anamwagilia matuta ya mchicha na figiri karibu na maji. Tukamwamkia, akaitika, akatuuliza tumebeba nini. Tukamwonyesha. Akaligeuza donge mkononi kama anayekagua tonge la ugali wa ulezi.

"Mjukuu wangu, hii si intumba? Mmeifanya ndogo tu."

Kwa wasomaji wasio wa huku, hapa lazima nisimame nieleze, kwa sababu intumba ndiyo historia yenyewe ya Ufipa.

Uwanda wa Ufipa ni nchi ya juu, upepo na nyasi. Sumbawanga yenyewe iko karibu mita 1,800 juu ya bahari. Mvua inaanza Novemba na kwisha Aprili, halafu miezi sita unaisahau. Miti ipo kwenye miteremko ya Ziwa Tanganyika na ya bonde la Rukwa, na msitu wa Mbizi uko pale juu ya mji, lakini sehemu kubwa ya uwanda ni wazi kama kiganja. Majirani zetu Wabemba, kaskazini mwa Zambia, wana kilimo kinachoitwa chitemene: wanakata matawi ya miti, wanayarundika, wanayachoma, wanapanda kwenye jivu. Baada ya miaka michache wanahama. Kilimo hicho kinataka msitu. Mfipa wa uwandani hakuwa na msitu wa kuchoma. Alikuwa na nyasi.

Basi akafanya hivi. Mvua zikikaribia mwisho, udongo ukiwa bado laini, alikata majani pamoja na mizizi yake kwa jembe, akayageuza, akayalaza chini na kuyafunika udongo mpaka likawa tuta la mviringo, karibu mita moja kwa upana. Shamba zima likajaa vilima vidogo vidogo kama vichuguu. Juu yake akapanda maharage, yanayoivia kwenye unyevu wa mwisho. Ndani, nyasi zinaoza kimya kimya. Mvua za mwaka unaofuata zikianza, matuta yanabomolewa na kusambazwa, shamba linakuwa sawa, na hapo ndipo ulezi unamwagwa. Wamambwe wanalo la namna hiyo hiyo, wanaliita fundikila. Hakuna jivu, hakuna mti uliokatwa. Ukiliangalia kwa macho ya leo, ni mboji na mbegu za maharage ndani ya donge moja kubwa la udongo, linalosubiri mvua. Bibi yule hakutia chumvi.

Roy Willis, mwanaanthropolojia wa Kiingereza aliyeishi na Wafipa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kuandika juu yao kitabu kilichotoka mwaka 1981, aliyapa matuta haya uzito mkubwa, na mimi nakubaliana naye. Mtu anayechoma msitu lazima ahamehame. Mtu mwenye intumba anaweza kukaa. Vijiji vya Ufipa vilikuwa vikubwa na vya kudumu, na juu yake zikasimama dola mbili, Nkansi na Lyangalile. Joseph Thomson, Mskoti aliyepita hapa mwaka 1880, aliona nchi ya wakulima watulivu na akaisifu. (Huyo huyo ndiye aliyeliona Ziwa Rukwa akalibatiza Leopold, kwa heshima ya mfalme wa Wabelgiji. Tunashukuru jina halikushika.)

Lakini tusijisifu kupita kiasi. Jembe lililofanya intumba lilitoka wapi? Lilitoka kwenye malungu, yale matanuru marefu ya udongo ya kuyeyushia chuma, mengine yakifikia mita 3. Yalivuta hewa yenyewe kupitia matundu ya chini, bila mivuo. Kisha chuma kilisafishwa kwenye tanuru dogo, na hapo ndipo mivuo ilipotumika. Tanuru jipya liliheshimiwa na kupambwa kama bibi harusi, maana lilitarajiwa kuzaa. Magofu ya malungu bado yamesimama sehemu mbalimbali za Ufipa, na J.A.R. Wembah-Rashid wa Makumbusho ya Taifa aliyaandikia mwishoni mwa miaka ya 1960, wakati bado kulikuwa na wazee waliowahi kuyawasha. Majembe ya kiwandani kutoka nje yaliyazima.

Na ilungu moja linakula mkaa kiasi gani! Ndiyo maana wapo wanaosema malungu ndiyo yaliyounyoa uwanda wetu. Wengine wanasema ni moto wa kila kiangazi. Mimi naelekea kwa moto. Malungu yamezimika karibu karne moja sasa. Kama kosa lingekuwa lao peke yao, miti ingekuwa imesharudi. Kinachoizuia ni kiberiti cha Agosti na mdomo wa mbuzi. Hata hivyo ukweli unabaki kwamba babu zetu walikuwa na mikono miwili: mmoja ulilisha ardhi na mwingine uliichukulia miti yake.

Intumba ilianza kupungua lini? Hapa nitakwenda haraka kwa sababu wengi mnaijua habari hii. Mwaka 1974 ukazaliwa Mkoa wa Rukwa. Miaka hiyo hiyo watu wakahamishiwa vijiji vya ujamaa, wengine mbali na mashamba yao ya zamani. Serikali ikanunua mahindi kwa bei moja nchi nzima, mbolea ya chumvichumvi ikaja kwa bei ya ruzuku, plau la kukokotwa na ng'ombe likaenea, na Rukwa ikaingia katika ile mikoa minne inayolisha taifa, pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma. Hilo ni jambo la kujivunia na mimi nimesomeshwa kwa mahindi hayo. Kisha miaka ya mwanzo ya 1990 ruzuku ikaondolewa hatua kwa hatua. Mkulima akajikuta hana mbolea ya duka, na mwanawe hajui kugeuza nyasi. Intumba haijafa, ukitembea vijijini utaiona, lakini kijana wa mjini kama mimi alihitaji kuoneshwa na bibi anayemwagilia figiri.

Sasa turudi kwenye swali la mwenyekiti. Mbuzi atafukuzwa na nani?

Wasukuma wa Shinyanga walishalijibu. Wakati wa mkoloni misitu mingi ya kule ilifyekwa kwa amri ili kuua mbung'o, kisha pamba na mifugo vikamalizia. Mwaka 1986 ulipoanzishwa mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, waliotangulia kufikiria vitalu vya miche waligundua kwamba wenyeji wana dawa yao ya zamani, ngitili: eneo linafungwa wakati wa masika, mifugo haiingii, nyasi na miti vinaota vyenyewe, kisha linafunguliwa kiangazi kikali. Mwanzoni zilikuwepo hekta 600 hivi za ngitili zilizoandikwa. Baada ya miaka 15 au zaidi zikapita hekta 300,000, na mwaka 2002 kazi hiyo ikapewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Mbegu nyingi zilikuwa tayari ardhini, na visiki vilikuwa hai. Kilichokosekana ni makubaliano ya watu, na adhabu kwa anayeyavunja.

Na Wakenya walionja upande wa pili, wa mbegu iliyopandwa bila kufikiri. Mti wa mathenge uliletwa kutoka nje, ukapandwa Baringo na kwingine kwa ajili ya kuzuia jangwa. Ukashika kweli kweli, ukaziba malisho na njia. Maganda yake matamu yakaharibu meno ya mbuzi. Wananchi wakaishitaki serikali, na mwaka 2006 wakampeleka mbuzi kibogoyo mahakamani Nairobi awe kielelezo. Watu walicheka, lakini mwenye mbuzi hakuwa anacheka. Ndiyo maana kwenye ndoo yetu tuliweka marejea, mabangibangi ya maua na mbegu za migunga tulizookota wenyewe mkoani hapa hapa. Kijana mmoja alikuja na mbegu za mti wa mapambo alizozipata mtandaoni, hajui hata jina. Tulimrudishia.

Jambo lililonikosesha usingizi ni lingine. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu, au zile zinazoweza kuharibu, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Ni sheria nzuri. Lakini matuta ya bibi yule yako ndani ya mita hizo 60. Sisi tukija na ndoo zetu, kamera na habari gazetini yenye kichwa "Vijana waokoa eneo lililotelekezwa", atakayesomwa kuwa mharibifu ni nani? Aliyemwaga taka usiku hana jina. Mwenye jembe mkononi anaonekana. Na katika watu wote tuliowakuta kando ya mto ule, ni yeye peke yake ambaye amekuwa akiitunza ardhi ile kila siku. Ameizungushia miiba. Anafukuza mbuzi. Nyasi zake hazichomwi, anazifukia.

Kwa hiyo habari ya gazetini sikuiandika. Naiandika hapa, bila jina lake na bila jina la mtaa.

Tulichofanya ni kumwomba yeye atuongoze. Alituzuia tusirushe hovyo. Alituelekeza kwenye mashimo ya matofali na pembezoni mwa rundo la taka, akatuambia kwanza tukate nyasi za eneo lile tuzigeuze, tusiziache zikauke zikawa chakula cha moto. Tukatumia Jumamosi mbili. Mikono yangu ya kalamu ilitoka malengelenge, vijana wakacheka. Kisha tukaweka madonge juu ya vilima hivyo, mengine tukayarusha kwenye mteremko ambako huwezi kusimama na jembe. Bibi akapanda maharage yake kwenye matuta mawili ya pembeni, ingawa anasema si majira yake, eti tuone tu.

Mvua zimeanza wiki iliyopita. Kwenye mteremko nimehesabu machipukizi machache sana, na mengi ya madonge yamelala vile vile au yamesombwa na maji. Kwenye matuta marejea imeota vizuri zaidi. Si utafiti, ni macho yangu tu.

Mwenyekiti ameitisha kikao cha mtaa Jumapili hii baada ya ibada. Ajenda ni mbili: mbuzi wafungwe au wachungwe, na kama kipande kile kiandikwe kuwa cha mtaa kwa kutunzwa, bibi atabaki kwa masharti gani. Nimesikia wenye mbuzi wamejipanga kuja wengi. Mimi nitakuwepo, na safari hii sitakaa upande wa waandishi. Kama wewe msomaji una mzazi au babu anayejua vipimo vya intumba za zamani, hasa za upande wa Nkasi na Matai, niandikie kabla ya siku hiyo.